Nilinunua matone ya macho ya muarobaini kwa shilingi 15,000

Kichupa chenyewe ninacho hapa mezani, kando ya cherehani. Ni cha plastiki, mililita 10, kifuniko cha bluu, na ndani imebaki kama robo ya maji yenye rangi ya chai ya mkandaa. Ukikitikisa, machicha yanainuka kutoka chini, yanaelea kidogo, kisha yanatua tena. Huu ni mwezi wa nne nakitunza, maana kila anayesikia habari za jicho la kaka yangu ananiuliza swali moja: ile dawa ya miti shamba, inatibu au haitibu? Nimeona nilijibu hapa kwa urefu, mara moja, badala ya kulijibu vipande vipande dirishani huku nimeshika mkasi.

Duka sitalitaja jina. Maduka ya namna hii yako kila mji, vichupa vinafanana, na sitaki kumharibia mtu mmoja riziki. Nitaieleza dawa yenyewe, jinsi nilivyouziwa, ilichofanya, na nilichokuja kuonyeshwa na watu wa maabara.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Kaka yangu anakata mkonge upande wa Korogwe. Anayeujua mkonge anaijua ncha ya jani lake, ule mwiba mweusi mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Siku hiyo alikuwa akifunga mzigo, jani moja likafyatuka na kumpiga usoni. Mwiba haukutoboa jicho, ulipita juu yake tu. "Kama mtu kanipitishia ukucha," ndivyo alivyosema. Akanawa kwa maji ya dumu, akamalizia kazi ya siku.

Kesho yake jicho likawa jekundu, machozi yanatiririka, mwanga hautazamiki. Akaenda duka la dawa la pale jirani, akapewa matone ya jenta, dawa ya kuua bakteria, yaliyochanganywa na deksamethasoni. Hakuna aliyelimulika jicho hata kwa tochi ya simu. Baadaye daktari alinifahamisha ubaya wa mchanganyiko ule kwa jicho lenye mchubuko: deksamethasoni hupoza wekundu na maumivu, kwa hiyo juu jicho linaonekana limetulia, na wakati huo huo kinga ya mwili imezuiwa kupigana. Vijidudu vinabaki vinakula bila bughudha. Siku tatu tulidhani amepona. Siku ya tano akaamka kope zimegandana kwa tongotongo za njano, mkewe akalazimika kuzilowesha kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu ndipo zikaachana.

Hapo ndipo aliponipigia. "Wifi, dawa ya dukani imegoma. Watu huku wanasema tutafute ya muarobaini, ati Tanga mjini ipo."

Nikafunga cherehani nikaenda.

Kwa upande wa mapokezi, lazima niseme kweli, sina neno baya. Mwenye duka ni mzee wa makamo ya baba yangu, kanzu safi, meza haina vumbi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti na maji. Akaniuliza kaka ana umri gani, kaumia na nini, jicho linauma zaidi usiku au mchana, ametumia dawa gani kabla. Alinisikiliza karibu nusu saa. Mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa amelisikiliza jicho la kaka yangu kwa dakika hata tano. Anayeshangaa kwa nini watu wanakimbilia miti shamba aanze kufikiri hapo, kwenye kile kiti na ile nusu saa.

Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyouza dawa. "Mwanangu, vijidudu vya siku hizi vimezizoea dawa za hospitali. Jenta vimeizoea, sipro vimeizoea. Mti hawajauzoea."

Yaliniingia moyoni. Usugu wa dawa si hadithi, na mimi nilikuwa nimeuona kwa macho: dawa ya dukani imetiwa siku tano na usaha umeongezeka. Kama vimelea vimejifunza kuikwepa dawa ya kiwandani, si bora tutafute kitu wasichokijua? Nikatoa shilingi 15,000. Mzee akakifunga kichupa kwenye gazeti, akakiombea dua.

Lebo nilikuja kuisoma vizuri baadaye. Imechapwa kwa printa ya kawaida na kubandikwa kwa gundi. Juu imeandikwa DAWA YA MACHO YOTE. Chini yake: ukungu, mtoto wa jicho, presha ya macho, macho mekundu, vidonda vya jicho, usaha sugu. Kisha viungo: muarobaini, shubiri, mlonge, asali mbichi. Kisha matumizi: matone matatu, mara nne kwa siku. Namba ya simu imeandikwa mara mbili. Hakuna tarehe ya kutengenezwa, hakuna ya kuisha muda, hakuna namba ya toleo, hakuna namba ya usajili. Mimi kitambaa cha mteja sikitii mkasi kabla ya kupima, hata kiwe cha shilingi elfu mbili. Hapa nilipokea dawa ya jicho la ndugu yangu ambayo haikupimwa kitu chochote, na nikashukuru.

Mchana ule ule nikaipeleka kwa basi. Kaka aliitumia siku sita.

Wifi anasema tone la kwanza lilimwinua kitandani. Alipompigia mzee, akaambiwa dawa ikiuma ndiyo inafanya kazi. Matone matatu yalikuwa yakimiminika mpaka shavuni na kuacha michirizi ya kahawia kwenye foronya, na hilo nalo nimelielewa baadaye: jicho zima hubeba machozi yapata mikrolita 7 tu, na tone moja la kichupa ni kati ya 30 na 50. Hata tone moja linazidi nafasi iliyopo. La pili na la tatu ni ya foronya. Na hicho kidogo kinachobaki, machozi yanakiosha ndani ya dakika chache.

Siku ya tatu dawa ikaanza kunuka kama togwa iliyolala. Siku ya sita wifi akanitumia picha. Kwenye weusi wa jicho pametokea kitone cheupe, kama punje ya ufuta. Nikaikuza picha mpaka ikapasuka, nikairudisha, nikaikuza tena. Usiku ule sikushona. Asubuhi nilikuwa stendi.

Tulipofika hospitali ya rufaa punje ya ufuta ilikuwa imekuwa punje ya mtama, na ndani ya jicho, chini, palikuwa na mstari mweupe uliotuama kama maziwa kwenye kikombe kilichoinamishwa. Daktari alisema ule ni usaha. Akamtia rangi ya njano, akazima taa, akalimulika jicho kwa mwanga wa bluu. Kile kidonda kikawaka kijani. Akaniita nitazame. Sijui kama nilipaswa kutazama, lakini nilitazama: doa lenye kingo zilizochanika, juu ya kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele ambao unene wake wote ni kama nusu milimita.

"Mmetia nini?" akauliza.

Nikatoa kichupa kwenye mkoba. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Hakunifokea. Alikinusa, akaisoma lebo yote mpaka mwisho, akasema, "Naomba hiki kiende maabara pamoja na kidonda."

Jicho likatiwa ganzi, kidonda kikakwanguliwa kwa kisu kidogo sana, makwangu yakapakwa kwenye sahani za kuoteshea. Kaka akaanzishiwa sipro, dawa nyingine ya kuua bakteria, kila saa wakati tukisubiri majibu. Siku tatu.

Sehemu hii ndiyo niliyotaka kuiandika kuliko zote. Kijana wa maabara alitoka na sahani zimezibwa kwa utepe pembeni, akaziweka kwenye kaunta akatuita mimi na wifi. Sahani ya kwanza ilikuwa imejaa vijidudu vya kidonda cha kaka, vimeota kote kama ukoga juu ya uji uliopoa. Juu yake vimepangwa vikaratasi vya mviringo, vidogo kama vifungo vya shati la mtoto, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayoua hujitengenezea uwanja mtupu kuizunguka, isiyoua haina uwanja. Kikaratasi cha jenta: ukoga umefika mpaka ukingoni, umekigusa. Cha sipro: umekigusa. Cha sefoksitini nacho umekigusa, na hicho, alisema, ndicho kinachowaonyesha kwamba hii ni stafilokokasi sugu, bakteria ile inayoitwa MRSA. Cha kloramfenikoli kilikuwa na uwanja mpana, safi.

Pembeni kabisa palikuwa na kikaratasi kimoja cha rangi ya kahawia. "Hiki ni cha kichupa chenu," akasema. "Si kipimo rasmi, nimefanya mwenyewe kwa kutaka kujua. Niliichuja kwanza dawa yenu kwenye chujio letu, lile linalozuia hata bakteria kupita." Nikainama. Kukizunguka palikuwa na duara. Jembamba, upana wa uzi wa kushonea jinzi, lakini lilikuwepo. Vijidudu vilivyoishinda jenta na sipro vilikuwa vimesimama umbali wa uzi mmoja kutoka kwenye muarobaini wa yule mzee.

Wifi akanikamata mkono. Sote wawili tulifikiri kitu kimoja.

Ndipo akafungua sahani ya pili, maana yake akainua mfuko wake, hakufungua kifuniko. Hii haikuwa na kitu kutoka jichoni. Ilidondoshewa tone moja tu la kichupa bila kuchujwa, ikaachwa siku mbili. Katikati pameota utelezi wa kijani-bluu, na pembeni yake pamba, pamba kabisa, nyeupe yenye kijivu katikati, kama ile inayoota kwenye mkate uliosahaulika. "Huu utelezi nadhani ni pseudomonasi, aina ya bakteria. Hii ni fangasi. Hivi vyote vilikuwa ndani ya dawa, vinaishi humo."

Sikujibu kitu. Nilikuwa nahesabu: matone matatu, mara nne, siku sita. Sabini na mawili.

Nataka niwe mkweli hapa, maana watu hupenda kusikia kwamba dawa ya miti shamba ilimpofusha. Daktari hakusema hivyo. Kidonda kilianza na mwiba, kikalelewa na deksamethasoni, na ile MRSA ilitoka kwingine, si kwenye kichupa. Alichosema ni kwamba tulipoteza siku sita ambazo jicho halikuwa nazo za kupoteza, na kila siku tulikuwa tunalidondoshea wageni wengine juu ya kidonda kilicho wazi. Kwamba wageni hao hawakushika ni bahati. Nilimuuliza kama mambo haya anayaona mara nyingi, akanitajia utafiti wa hapa hapa Tanzania uliochapishwa 1994: wagonjwa 103 wenye vidonda vya kioo cha jicho, na 26 kati yao, robo nzima, vidonda vyao vilihusishwa na dawa za kienyeji. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na kiti kile cha mzee bado kinakaliwa. Nilikikalia mimi.

Matibabu yakabadilishwa. Famasi ya hospitali ilichukua vankomaisini ya sindano, dawa ya bakteria sugu kama MRSA, ikaipima, ikaichanganya kuwa matone, ikaandika kwenye lebo jina la kaka, kiasi cha dawa, siku ilipotengenezwa na siku ya kuimwaga. Lebo ile nilikaa nikaisoma kama barua. Tone moja kila saa, mchana na usiku. Pamoja nayo, atropini mara tatu, ili kuipumzisha mboni na kupunguza maumivu. Nilipomuuliza nesi atropini ni nini, akanijibu, "Ni ya mmea hiyo. Inatokana na belladonna, wa kule Ulaya." Kumbe kaka alikuwa anatibiwa kwa mmea muda wote, mkono mmoja vankomaisini na mkono wa pili atropini. Na wale wenye presha ya macho waliowahi kutumia pilokapini, nayo ilitolewa kwanza kwenye majani ya mti wa Amerika ya Kusini.

Zile usiku za kudondosha kila saa hulali. Unaweka kengele ya simu, unamwamsha, unadondosha, unakaa. Nilikuwa nasoma. Nilitaka kujua lile duara la upana wa uzi lina maana gani, na kama mzee alikuwa na haki aliposema mti hawajauzoea.

Niligundua kwamba wasomi wakubwa wanalishughulikia swali hilo hilo. Mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walichukua dawa ya macho iliyoandikwa katika kitabu cha tiba cha karne ya 10, Bald's Leechbook: kitunguu saumu, kitunguu kingine cha jamii yake, mvinyo, na nyongo ya ng'ombe, vikae usiku tisa. Dawa ya chokea, kipele kile cha ukingoni mwa kope. Wakaitengeneza kwa kufuata maandishi neno kwa neno, wakaijaribu juu ya MRSA, ikaiua, hata ile iliyojificha ndani ya utando wake. Na walipojaribu kiungo kimoja kimoja peke yake, nguvu ile haikupatikana. Mchanganyiko ndio uliofanya kazi. Nilisoma habari hiyo saa nane usiku nikamkumbuka mzee na kanzu yake.

Lakini iliyonijibu hasa ni habari ya berberini. Hii ni ile rangi ya njano iliyomo kwenye miti ya jamii ya zereshki (barberry kwa Kiingereza), na tangu zamani Wahindi hutengeneza nayo dawa ya macho. Peke yake, berberini haiisumbui sana stafilokokasi, kwa sababu kijidudu kile kina pampu kwenye ngozi yake. Dawa ikiingia, pampu inaitapika nje. Pampu hiyo hiyo ndiyo inayotapika na sipro. Sasa sikiliza: mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mti wenyewe unatengeneza kitu cha pili, ambacho hakiui chochote, kazi yake ni kuiziba ile pampu. Pampu ikizibwa, berberini inabaki ndani na kuua.

Nilikaa na hilo muda mrefu, kengele ikalia, nikadondosha, nikarudi kulifikiria. Maana yake mzee alikosea, na alikosea kwa namna ya ajabu. Vijidudu vimeuzoea mti. Viliujua kabla hakijatengenezwa kidonge hata kimoja, na pampu ile inayotushinda leo huitapika dawa ya mti kama inavyoitapika ya kiwandani. Na mti nao haukukaa kimya, ukajibu. Vita hivyo ni vya kale kuliko sisi. Kwa hiyo mimi siamini tena kwamba miti haina kitu, na siamini tena kwamba kichupa changu kilikuwa na kile kitu. Kati ya jani na tone kuna kazi ndefu: kujua ni sehemu gani ya jani inayoua, inahitajika kiasi gani, inauma kioo cha jicho kiasi gani, inakaa muda gani kabla machozi hayajaiosha. Lile duara la uzi mmoja lilitokea kwenye sahani ambayo haina machozi, haina kope, na dawa ilikaa juu yake mchana kutwa na usiku kucha. Jichoni inakaa dakika.

Na juu ya yote, usafi. Hili si tatizo la miti shamba peke yake. Mwaka 2023 huko Marekani, machozi bandia ya kiwandani, yenye boksi zuri na tarehe zote, yaliingiwa na pseudomonasi sugu kwa karibu kila dawa. Walioumwa walihesabiwa 81 katika majimbo 18, 14 walipoteza uoni, wanne waliondolewa jicho zima, wanne walikufa. Kama kiwanda kinaweza kufikwa na hayo, sufuria ya jikoni na kitambaa cha kuchujia itakuwaje? Asali mbichi ni dawa nzuri ya mambo mengi, lakini ukishaizimua kwa maji pamoja na majani yaliyopondwa, umepika togwa. Lazima itachacha. Ya kaka ilichacha siku ya tatu.

Nakumbuka Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar na huku kwetu mpaka Mombasa. Kila nyumba ilikuwa na dawa yake, maji ya chai, chumvi, maziwa ya mama, na Wizara ya Afya ikawa inatangaza watu wasitie vitu hivyo machoni. Wengi walitia, na wengi walipona. Walipona kwa sababu ule ulikuwa ugonjwa wa virusi unaoisha wenyewe baada ya siku kadhaa, na chochote ulichotia siku ya mwisho ndicho kilichopata sifa. Nadhani kichupa cha mzee nacho kimejipatia sifa zake nyingi kwa njia hiyo. Mteja aliyekuwa anapona anarudi kushukuru. Aliyeharibikiwa anakwenda hospitali, na mzee hamwoni tena, hajui. Hilo nilimwambia mwenyewe.

Ndiyo, nilirudi dukani. Kaka alikuwa ametoka wodini wiki ya tatu. Kidonda kimefunga, kimeacha kovu jeupe, na kwa jicho lile anahesabu vidole akiwa mita tatu, mbele ya hapo ni ukungu. Anakata mkonge tena, sasa kwa miwani ya kinga niliyomnunulia mwenyewe kwa shilingi 8,000, karibu nusu ya bei ya kile kichupa.

Mzee alinikumbuka. Alinipa kiti kile kile na maji. Nikamsimulia yote, sikupandisha sauti, nikamwonyesha picha ya sahani mbili kwenye simu. Alizitazama kwa muda mrefu. Ile yenye duara alitabasamu. Ile yenye pamba akaivuta karibu, akavua miwani, akaivaa tena. Akaniuliza, "Hii imetoka ndani ya dawa yangu?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu. Akasema huwa anachemsha maji. Nikamuuliza na asali, unachemsha? Na vichupa? Na ncha ya kudondoshea, inayoguswa na kope halafu inarudishiwa kifuniko? Hakujibu.

Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, afute kwenye lebo maneno "vidonda vya jicho" na "usaha sugu", na mtu akija na jicho lililoumia amwambie aende hospitali siku hiyo hiyo, asimuuzie kitu. Yeye anasikiliza vizuri kuliko wauza dawa wote niliokutana nao, neno lake lingefuatwa. La pili, aipeleke dawa yake ikapimwe. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, baraza la kusajili lipo, Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Kama muarobaini wake una lile duara, wasaidiane kulitafuta lilivyo. Ningekuwa wa kwanza kununua chupa iliyozibwa, yenye tarehe, iliyoandikwa kiasi, iliyojaribiwa kwa watu wenye macho yao na wakafuatiliwa. Ningelipa hata elfu hamsini. Natamani iwepo, wallahi, kwa sababu vankomaisini haipatikani Korogwe, na nayo siku moja itazoeleka.

Akasema atafikiri. Tukaagana vizuri.

Juma lililopita nilipita tena mtaa ule kununua vifungo. Kwenye rafu yake ya macho hapakuwa na kichupa hata kimoja, nikafurahi, nikasimama mlangoni nikamwamkia na kumuuliza. Akaniambia vimekwisha, watu wamevichukua vyote, vipya vinakuja Jumatano. Nikauliza lebo. Lebo ni ile ile.

Leo ni Jumatatu.